Kuni za Jumamosi

Walipohamishiwa kijijini mwaka 1974, Sikudhani Matano aliacha kule shambani jiko la nje lililoezekwa makuti. Katika kijiji kipya cha Msangalani, upande wa Kisarawe, nyumba zilipangwa kwa mistari na kila kaya ikajenga haraka kuwahi mvua: vyumba viwili, na mafiga kwenye pembe ya chumba cha nyuma. Kiangazi alipikia uani. Masika alipikia ndani, na ndipo kifua cha Zubeda, binti yake wa pekee, kilipobana hadi mtoto anainua mabega kutafuta pumzi. Mganga wa zahanati alitoa vidonge, kisha akasema, "Dawa yenyewe ni kumtoa kwenye moshi." Amtoe ampeleke wapi, hakusema.

Mwaka 1977 Serikali ilitoa fedha za kutafiti majiko ya kubana kuni. Mtafiti, kijana wa Tabora aitwaye Onesmo, alikuwa akitokea Kibaha kwa pikipiki, mizani imefungwa nyuma. Alichagua kaya chache, ya Sikudhani ikiwamo, akazijengea majiko ya udongo yenye dohani ya bati iliyotokeza juu ya paa. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo hakupewa hata siku moja ya ugeni.

"Mtani!" Mwanajuma, jirani wa Sikudhani, alimpigia kelele. "Serikali imekosa kazi ya kukupa, imekutuma kupima kuni za wake za watu?"

"Napima ili mpunguze kuzibeba, shangazi. Vichwa vyenu vimeshakuwa bapa."

"Kichwa bapa hiki babako alikiletea posa, tukamrudisha!"

Utaratibu ulikuwa rahisi. Jumatatu Onesmo alipima mzigo wa kuni unaotosha mafiga kwa wiki na kuuacha kila nyumba. Jumamosi alipima zilizosalia.

"Fedha ni za mwaka mmoja," aliwaambia. "Jiko likipunguza kuni, wakubwa wataongeza, tutajenga kijiji kizima na kukarabati yatakayopasuka. Lisipopunguza, tunafunga."

Sikudhani aliondoka na neno moja: tunafunga.

Masika ile moshi ulipanda na dohani ukaenda zake. Zubeda alilala chali, jambo ambalo mama yake hakuwa amelishuhudia masika yoyote tangu wahamie. Lakini dohani hiyohiyo iliuvuta moto kwa nguvu, na jiko likala kuni kuliko mafiga. Kabla wiki haijaisha, mzigo wa Onesmo ulikuwa majivu.

Jumamosi asubuhi Sikudhani alichukua kuni zake mwenyewe nyuma ya nyumba, akaziweka mahali pa zile zilizoungua. Hakuona kuwa ni uongo. Mgeni akija unafagia uwanja. Humwachii takataka eti ndio ukweli wa nyumba yako. Mwanajuma, ambaye naye alijengewa jiko, alimkuta akipanga.

"Kumbe ndivyo! Kwa hiyo mbadhirifu wa kijiji nibaki mimi peke yangu?"

Haikuchukua muda, kila mwenye jiko la dohani akawa na kuni za Jumamosi.

"Mtoto analala siku hizi," Sikudhani alimwambia Onesmo.

"Mungu ni mwema," alijibu, akaendelea kusoma mizani. Moshi hakutumwa kuupima.

Mwisho wa mwaka ulifanyika mkutano wa kijiji. Onesmo alisimama amevaa shati jipya, uso umemkunjuka. Jiko, alisema, limepunguza kuni kwa nusu, na wakubwa hawakuamini macho yao.

"Basi mtajenga kijiji kizima?" Sikudhani aliuliza.

"Utafiti umekamilika, mama Zubeda. Kitu kikishafaulu hakitafitiwi tena. Fedha za mwaka ujao zimepelekwa kwenye mashine za upepo."

"Na yakipasuka?"

"Kijiji kitajitegemea."

Mwenyekiti Mashaka akadakia hapohapo. Wanawake walikuwa wakiruhusiwa kuokota kuni katika msitu wa hifadhi siku mbili kwa wiki. Kwa kuwa matumizi yamepungua nusu, mabwana misitu wameona siku moja inatosha. Wasio na majiko walipoguna, aliwajibu kwamba kijiji ni kimoja.

Sikudhani aliinuka, akajifunga kanga kiunoni.

"Mwenyekiti, lile jiko halipunguzi kuni. Linazidisha. Tulikuwa tunaongeza zetu ndipo anakuja kupima."

 Kisha Onesmo akaangua kicheko.

"Watani hawa! Mnataka nifukuzwe kazi siku ya sherehe yangu?"

Mkutano mzima ukacheka naye.

"Nasema kweli," alisema Sikudhani. "Mwanajuma, waambie."

Mwanajuma, ambaye mwaka mzima hakukosa neno la kumrushia mtani wake, alikuwa akichorachora chini kwa kidole cha mguu. Siku nzima ya kuni ilikuwa imeondoka, na kijiji kizima kingetaka kujua ni nani aliyeiondosha.

"Mizani haina utani, mama," Onesmo alisema kwa upole, akaketi.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Mwanajuma alisema tu, "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

Masika iliyofuata kuni za siku moja hazikutosha jiko. Sikudhani alikwenda msituni siku isiyoruhusiwa. Askari wa misitu akamnyang'anya panga na mzigo, akamwonya kwamba safari ya pili ni mahakamani. Aliyarudisha mafiga ndani, kwa sababu mafiga yalikula kidogo. Hesabu hiyo haikuhitaji mizani.

Mvua ilipiga kutoka upande wa mlango. Akiufungua, maji yanaingia, kuni zinalowa na moshi unazidi. Akiufunga, moshi hauna pa kutokea. Zubeda alikuwa amekaa kizingitini, mgongo umelowa, mabega yakipanda na kushuka.

"Mama, bado?"

"Karibu, mwanangu. Usiseme. Vuta pumzi."

Alimwingiza ndani asizidi kulowa, akaufunga mlango, akaanza kusonga ugali kwa haraka.