Pengo Ndani ya Mahari ya Mwanvua

Mwanvua anauza vipuri vya baiskeli sokoni hapa Likasi, na kwa ulimi hakuna anayemshinda ila mimi, jirani yake. Jambo moja tu humfanya anyamaze: mahari yake.

Mumewe, Assumani, alikuwa dereva wa lori. Alipomposa alileta almasi moja ndogo kutoka Mbuji-Mayi, yenye rangi ya chai hafifu. Mnunuzi wa mawe akaitazama kwa kioo cha kukuzia, akasema ina kasoro, haifai kitu. Assumani hakukubali. Mji wetu wa viwanda vya shaba haukosi asidi, basi akaomba kidogo kwa rafiki wa kiwandani, akaloweka jiwe humo ili aondoe uchafu. Jiwe likatoka safi kabisa, na rangi yake ileile. Kasoro ilikuwa ndani. Mpaka leo, kila harusi ya ukoo huu, lazima shemeji mmoja aulize kama bwana harusi ameleta mahari au jiwe la Assumani.

Mwanvua alilitunza ndani ya kikopo cha mafuta ya nywele. "Akiba haiozi," husema. Lakini aibu ilimla Assumani polepole. Mwaka huu moyo wake ulipoanza kumsumbua, akasema hataki kufa akiwa ameoa kwa takataka. Angemnunulia mkewe pete, na jiwe angelichukua Gaston, mwenye kununua almasi mbovu za kusagwa. Gaston angekuja Ijumaa baada ya sala. Mwanvua hakutaka kubishana na mgonjwa. Nilimkuta akilia nyuma ya magurudumu yake, nikaumia.

Ijumaa hiyo asubuhi binti yao Zuhura, anayefundisha fizikia Lubumbashi, alifika, baada ya kusikia jiwe linauzwa, akiwa na taa ya mwanga wa kijani na kipande cha kioo chekundu.

"Papa, uniache nijaribu kwanza," akasema. "Pengine hii jiwe haitawaka. Si mawe yote iko na ile kitu."

"Kitu gani?"

"Pengo. Mu almasi, chembe za kaboni zinajipanga sawa batu mu safu ya musikiti. Fasi moja iko wazi, na jirani yake si kaboni, ni nitrojeni."

Assumani akatikisa kichwa. Tangu utoto amefundishwa kuziba pengo katika safu ya sala, maana shetani hupenya hapo. "Basi njo ile kasoro yenyewe," akasema. "Acha Gaston aisage tu."

Zuhura akafunga mapazia, akatufunika sote kwa blanketi zito, pamoja na unene wangu. Akatuonya tusiitazame taa yenyewe. Akaiwasha, akatukabidhi kile kioo chekundu ili tutazamie jiwe.

Nilinyamaza, mimi. Jiwe lilikuwa jekundu, tena ndani kabisa, kama kaa la moto linapopulizwa. Mwanga wa kijani uliingia, mwekundu ukatoka. Nilimsikia Mwanvua akisema Subhanallah, polepole, tena na tena.

"Mama Émérence, uko unapumua?" Zuhura akaniuliza. Kisha akamwambia baba yake, "Ni ile mapengo njo inawaka. Sumaku ikikaribia, hata kidogo sana, mwanga unabadilika. Bataalamu banajaribu kupima nayo hata sumaku ya moyo wa muntu."

"Ya moyo?" Assumani alikuwa ameweka mkono kifuani.

"Ya moyo, papa. Bila ile pengo, almasi haiwezi."

Zuhura alipotaka kuzima taa, Assumani alikataa kuachia kioo.

Gaston alipobisha hodi alasiri, Mwanvua ndiye aliyefungua. "Hatuuzishe," akamwambia. Kisha akamgeukia mumewe. "Papa Zuhura, hii jiwe ulinipa na haya. Leo unipe tena, bila kusikia haya."

Assumani akainuka taratibu. "Gaston, simama pale," akasema. "Utakuwa shahidi."

Akalitoa jiwe kikoponi, akalishika kwa mikono miwili. Tangu Zuhura azaliwe nilikuwa sijamsikia akimwita mkewe kwa jina lake.

"Mwanvua," akasema, "hii njo mahari yako."

"Nimepokea," akajibu Mwanvua, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.