Simba Aliyetobolewa Mguu

Baba alikuwa akikusanya beji za askari wa chifu, zile za enzi ya ukoloni zilizotengenezwa kwa sarafu. Mhunzi alichukua shilingi, akasugua kichwa cha mfalme mpaka kikaisha, akagonga nambari ya askari mahali pake, kisha akatoboa tundu la pini. Upande wa pili aliuacha ulivyo: simba, na milima nyuma yake. Kwa hiyo askari alitembea na nambari mbele ya watu, na simba amemlalia kifuani.

Tulikaa Kitale. Jumamosi baba alizunguka kwa wauza vyuma vikuukuu, na mara nyingine akateremka mpaka soko la Misikhu. Vijana wa vyuma walimjua.

"Niaje mzee. Leo tumekuwekea simba."

"Simba ama paka? Juzi mliniuzia kifuniko cha soda."

"Si tulikuwa tunakupima macho, bana."

Alicheka pamoja nao. Hawakujua kwamba macho yake yalikuwa yanazimika kweli, kwa ugonjwa wa sukari. Nyumbani mama alisema wanaume wengine hufuga ng'ombe. Wake anafuga simba wasiokamuliwa.

Lakini baba alimtafuta simba mmoja tu. Babu yangu alikuwa askari wa chifu huko Cheptais, juu mlimani, akafa baba akiwa mdogo, bila kuacha hata picha. Alichokumbuka baba ni kukaa mapajani pake na kupenyeza kidole nyuma ya beji. Tundu lilikuwa limepita katikati ya mguu wa nyuma wa simba. Ndiyo maana kila beji aliipapasa kwanza kwa kidole gumba, nami nikisubiri kando yake.

"Si yeye," alisema, kila mara.

Kisha yakaja machafuko ya mlimani, watu wa Cheptais wakashuka na walichoweza kubeba. Tukasikia kwamba mjane wa askari aliyefanya kazi na babu amepanga chumba Bungoma, na kwamba mumewe ndiye aliyeachiwa beji ya babu. Nilimshika baba mkono tukaenda. Wakati huo alikuwa akiona mwanga na vivuli tu.

Mjane alitupa viti, yeye akakaa kitandani.

"Ilikuwa kwangu," alisema. "Simba wa tundu kwa mguu."

"Mguu upi, mama?"

"Wa nyuma."

Baba alivuta pumzi kama mtu aliyefikishwa nyumbani. Sikuwahi kumwona na uso ule.

Ndipo mama yule akatueleza. Watu wenye bunduki walikuwa wakipekua nyumba hadi nyumba, na mwenye kitu chochote cha serikali, hata kikuukuu, aliitwa msaliti. Ndani alikuwa na kijana wake wa mwisho. Aliichukua beji akaitupa chooni.

"Unisamehe, mwanangu. Niliona hiki ni chuma, na huyu ni mtoto."

"Ulifanya vizuri, mama," baba alisema. Kisha akauliza, "Na kijana yuko wapi sasa?"

Mjane alitazama mikono yake.

"Walikuja. Hawakupekua hata. Walimchukua tu."

Nje mtu alikuwa akiita wateja wa mboga. Nilingoja baba aseme twende, kwa kuwa tulichofuata hakikuwepo tena. Hakusimama.

"Alikuwa kijana wa namna gani?"

"Mrefu. Ati kwangu alikuwa anainama mlangoni."

"Mrefu kiasi gani?"

Mjane aliinuka, akamwinua baba pia, akaushika mkono wake na kuupandisha ukutani. Yeye ni mfupi. Mkono wake ukaishia njiani. Baba akaendelea kupandisha peke yake.

"Hapa?"

"Juu kidogo."

"Hapa?"

"Hapo."

Wakasimama hivyo. Baba hakuushusha mkono mpaka mama yule alipomaliza kulia.