Kaseti ya Jaja Mahakamani

Enzi zetu, ninyi wenzangu mliokulia kwenye kambi za askari magereza kule Mbale, wimbo haukupakuliwa. Ulifuatwa kwa miguu! Unatoka kambini asubuhi, mlima Wanale bado umejifunika ukungu, unateremka mjini na kaseti tupu mkononi hadi kibanda cha Bwana Hamisi, unamtajia nyimbo zako, unarudi kesho kutwa kuichukua. Mashine zake mbili zilinakili huku akipiga soga na wateja, na harufu ya mahindi ya kuchoma ya jirani yake ikiingia mle ndani. Nadhani hata kaseti zilinukia mahindi. Watoto wa siku hizi, wimbo ukichelewa sekunde tatu wanatupa simu kitandani na kusema mtandao umekufa.

Kaseti halisi ya kampuni ilikuwa na vitobo viwili mgongoni, ili usiweze kurekodi kitu juu yake. Nani alijali? Ulitafuna karatasi ya daftari, ukaziba vitobo, ukarekodi unachotaka. Mimi nilikuwa fundi wa kutafuna. Nilitafuna hata ukurasa wa hesabu, na kwa huo nilichapwa.

Ndivyo tulivyoifanyia kaseti moja ya baba, yenye nyimbo za mwimbaji mmoja wa Jinja aliyevuma sana wakati ule. Mama alitaka kumpelekea salamu jaja, mama yake mzazi, aliyeishi Bugembe na hakujua kuandika. Tukarekodi salamu juu ya nyimbo, kaseti ikasafiri na dereva wa teksi, na baada ya wiki mbili ikarudi na majibu ya jaja. Sisi Kisoga, lugha yake jaja, hatukukijua, tulijua Kiswahili cha kambini tu. Jaja naye hakukipenda Kiswahili, kilimkumbusha wanajeshi waliowahi kumvunjia mlango. Lakini kwa ajili yetu alijikaza akakisema.

"Batoto ba Mbale, muko wazima?" aliuliza. Kisha akanyamaza. Jaja aliamini kuwa ukimuuliza mtu jambo ni adabu umpe nafasi ya kujibu, hata kama yuko ndani ya redio. Nasi tukawa tunajibu kwa pamoja, "Tuko wazima, jaja!" Tuliisikiliza kila jioni tukila malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa mchuzi wa karanga, na kila jioni tulijibu maswali yake yote.

Mwaka huohuo jaja akafariki. Redio nayo ikaanza kuitafuna ile kaseti, mama akaingiwa na hofu, akaipeleka kwa Bwana Hamisi atutolee nakala. Kabla hajaigusa, watu wa kampuni ya muziki wakavamia kibanda kwa kosa la kunakili nyimbo bila kibali, wakiwa na polisi na yule mwimbaji mwenyewe. Walizoa kila kaseti wakaitia kwenye magunia. Tukaambiwa kesi ikiisha zote zitachomwa moto.

Mama hakula siku mbili. Baba, askari aliyezoea kutii amri, alisema tu, "Sheria ni sheria." Mama akamjibu, "Basi sheria inizalie mama mwingine."

Siku ya kesi shule ilikuwa imefungwa, mama akanishika mkono tukaenda mahakamani. Bwana Hamisi alisimama na kanzu yake nyeupe, anatokwa jasho. Mtu wa kampuni alichambua magunia, akainua kaseti moja yenye karatasi ya rangi ya kampuni. Ilikuwa yetu! Akamwambia hakimu kwamba hiyo ni halisi, ipigwe, kisha ipigwe moja ya Hamisi, wote wasikie tofauti.

Ikapigwa. Ikatoka sauti ya jaja.

"Batoto ba Mbale, mumekula?"

Mahakama nzima ikatazamana. Nami, bila kufikiri, nikajibu kwa sauti yangu yote: "Tumekula, jaja!"

Watu wakacheka hadi askari wa mlangoni akashika tumbo. Mama alitaka ardhi ipasuke, lakini akasimama. "Bwana hakimu, huyo ni mama yangu. Amekufa. Sauti yake iko hapo tu, pahali pengine hapana."

Mtu wa kampuni akaruka kudai kwamba kurekodi juu ya nyimbo nako ni kosa. Yule mwimbaji akamgusa bega. "Bwana, wewe acha," alisema. "Hamisi aliniibia. Huyu mama yeye amenifuta tu. Apewe."

Hakimu akakubali. Zilizobaki zilichomwa, Bwana Hamisi akaonywa vikali, na mwaka uliofuata alikuwa akiuza kaseti halisi za mwimbaji yuleyule, tena kwa majivuno. Mama, tulipofika nyumbani, alichokoa karatasi yangu kwenye vile vitobo kwa pini ya nywele, ili mtu yeyote asirekodi tena juu ya jaja.

Nina furaha nilikua wakati ule. Mwanangu ana nyimbo za dunia nzima mfukoni, na salamu zangu za sauti anazifuta akisema zinajaza simu. Juzi alinisaidia kuihamishia ile kaseti kwenye simu yake. Tukaketi kuisikiliza. Jaja akauliza kama tumekula, kisha pakawa kimya. Mwanangu akanyoosha kidole azime.

"Imeisha, mama."

Nikamshika mkono. "Haijaisha. Anangoja umjibu."