Mjomba wa Watoto Yuko Wapi?

Nakumbuka siku moja, mwanangu, barua ilinifikia chuoni Dar es Salaam kutoka kwa dada yangu Esta, bibi yako, aliyekuwa kijijini Chiwata. Mumewe alikuwa amefariki, na shemeji zake walilitaka shamba la mikorosho. Kesi ilikuwa kwenye baraza la kata Jumatatu. "Njoo unisemee," aliniandikia. Mashimo ya mikorosho ile tuliyachimba wote wawili, na kwetu mjomba ndiye anayewasemea watoto wa dada yake.

Sikwenda. Nilikuwa naandika tasnifu juu ya sheria ya mirathi katika riwaya za Waingereza wa enzi za Malkia Viktoria: wosia uliofichwa, mawakili wenye ulimi wa asali, wajane waliofukuzwa majumbani. Wiki ile nilikuwa kwenye sura ya wajane. Nikamjibu Esta asiogope, sheria iko upande wake. Msomi kijana hakosi jibu, hasa akiwa mbali.

Barazani waliuliza mara tatu, "Mjomba wa watoto yuko wapi?" Dada akajibu, "Anasoma." Watu wakacheka, na shamba likaenda.

Tasnifu ikawa kitabu, kitabu kikanipa uprofesa. Nikampelekea dada nakala, mjinga mimi, nikidhani atafurahi. Akaniomba nimsomee kwa Kiswahili. Nikamsomea habari za mjane aliyenyang'anywa nyumba na shemeji yake. Alisikiliza huku akimenya mihogo.

"Huyo mama alipata mtu wa kumsemea?"

"Hakuwepo kweli, dada. Ni wa hadithini."

Akachukua muhogo mwingine. "Mimi nilikuwepo, mdogo wangu."

Hakulitaja tena jambo hilo hadi tulipomzika. Afadhali angenitukana. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yamezeeka pamoja nami hapa Newala, na korosho za mikorosho ile, ambayo ingekuwa yenu, zinaokotwa na wengine.

Sasa nawe unakwenda kusomea sheria. Soma, hata hivyo vitabu vya Waingereza. Sivichukii, vilinifundisha kuiona dhuluma, ila ya kwao. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Siku mtu wa kwenu akikuita barazani, funga kitabu, panda basi. Sura itakungoja, baraza halingoji.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungue akili, akupe na miguu ya kurudi mapema.