Wimbo Nilioujua kwa Besi Tu

Asubuhi ya Jumatatu, siku moja baada ya Jumapili ya tatu ya Majilio, nilifunga chumba changu cha Musinzira, nikamwachia jirani ufunguo, nikatoka na begi dogo. Jirani aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia sijui bado. Hakushangaa. Kwa miaka mitatu niliyokaa Gitega alikuwa amenizoea: naweza kutoka kununua chumvi nikarudi baada ya siku nne, nikiwa nimejua jinsi watu wa kilima cha pili wanavyochoma matofali. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nimesoma kwa miguu.

Safari hii, hata hivyo, haikuwa ya udadisi mtupu. Nilikuwa natafuta wimbo, na nilikuwa na siku tano tu za kuupata.

Kwaya ninayoimba iko mtaa wa Yoba, katika chumba cha nyuma ya kanisa chenye mabenchi na kabati moja la madaftari. Ina desturi yake wakati wa Majilio. Kila Jumamosi jioni, baada ya kumaliza nyimbo za Jumapili, mwanakwaya mmoja hutoa wimbo wa Noeli anaoupenda kuliko nyingine zote. Huufundisha kwa wenzake sauti zote nne, soprano, alto, teno na besi, na wenzake huandika nota zake kwenye madaftari. Jumamosi ya mwisho kwaya huchagua zitakazoimbwa kwenye Misa ya mkesha. Watu wengine hutoa nyimbo za Kirundi, wengine Kifaransa, na mama mmoja hutoa kila mwaka wimbo uleule wa Kilatini ambao hajui maana yake na hataki kuambiwa.

Kabla ya kuanza, mtu mmoja huinuka na kufunga madirisha. Noeli haijafika, na padri hapendi isikike barabarani watu wakiwa bado kwenye zambarau, rangi ya Majilio. Kwa hiyo huimbia ndani, joto limejaa, jasho linatiririka.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna anayelisema, ila kila mtu analijua. Mtu akishatoa wimbo, basi yeye ni wa kwaya. Kabla ya hapo ni mgeni anayesaidia. Mimi nilikuwa nimesaidia miaka mitatu. Mwaka huu kiongozi wetu, mama mmoja fundi wa cherehani, alinipangia Jumamosi ya tatu.

Sikuhangaika kuchagua. Kuna wimbo mmoja tulioimba kambini Tanzania, upande wa Ngara, nilikokulia. Mwalimu wetu wa kwaya aliutunga mwenyewe. Ni habari ya mchungaji aliyebaki na kondoo usiku ule wenzake walipokwenda Bethlehemu, maana lazima mtu abaki. Haumo katika kitabu chochote. Mwalimu alifariki mwaka tuliorudishwa Burundi, na daftari lake sijui liliishia wapi. Lakini wimbo nilikuwa nao. Nimeuimba nikivuta baiskeli, nikibeba zege, nikisubiri mvua ipite chini ya mabati ya watu. Hakuna mwaka umepita sijauimba.

Jumamosi ile nikasimama mbele, nikaimba ubeti mzima.

Mtu wa teno, dereva wa pikipiki ambaye hawezi kukaa kimya hata kwenye mazishi, ndiye aliyeanza.

"We Mutanzania," akasema. Ndivyo wanavyotuita sisi tuliolelewa huko. "Iyi ni wimbo ama ni mutu anasukuma kabati?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Kiongozi hakucheka. Alikuwa na penseli mkononi.

"Iko nzuri," akasema. "Iyo ni besi. Alors, tupe soprano."

Nikafungua kinywa, ikatoka besi tena. Nikajaribu kupanda juu, ikatoka besi ileile, imepanda juu. Nilisimama pale nikitafuta kichwani, na kila nilipogusa palikuwa na sauti yangu mwenyewe tu: nendeni, nendeni, mimi nalinda.

"Sina," nikasema.

"Unakosaje? Umeimba hii wimbo miaka mingapi?"

"Yote."

Huenda mtu asiyeimba besi asinielewe. Mwalimu wetu alifundisha kila sauti peke yake, kila kundi kwenye kona yake. Tulipounganishwa, sisi wa besi alituamuru tuzibe sikio moja kwa kidole, lile la upande wa akina mama. Besi akisikiliza soprano, alisema, amepotea na ametupoteza. Sauti yangu ilivunjika mapema. Tangu miaka kumi na minne nilisimama nyuma nimeziba sikio. Nilikuwa mtiifu sana. Wimbo niliokuwa naupenda maisha yangu yote, kumbe nilikuwa napenda robo yake.

"Mama," yule wa teno akamwambia kiongozi, "mwandike besi. Mkesha tutaimba besi peke yake, watu watajua nguvu ya Mutanzania."

"We nyamaza." Kisha akanigeukia mimi, kwa upole, na upole huo ulinichoma kuliko kicheko. "Tafuta wenzako wa kambini. Jumamosi inayokuja tunafunga liste. Ukikosa, si neno, utaendelea kutusaidia."

Utaendelea kutusaidia. Nililala na neno hilo siku mbili.

Ndiyo maana Jumatatu nilikuwa kwenye stesheni ya magari bila kujua natafuta gari la wapi. Mafuta yalikuwa haba, kama kawaida siku hizi, na magari yaliyokuwa na mafuta yalikuwa machache. Watu wa kambi yetu walitawanyika mikoa mingi, lakini nilikumbuka kwamba wengi walishukia Muyinga, karibu na mpaka tuliovukia. Sikuwa na simu ya mtu yeyote kule. Lori la vitunguu lilikuwa linawasha injini. Nikamuuliza dereva anakwenda wapi, akasema Karuzi. Karuzi iko njiani. Nikapanda.

Kutoka Karuzi nilitembea kidogo, nikapata baiskeli, nikatembea tena, nikanyeshewa vizuri, kisha wafanyakazi wa barabara wakanichukua nyuma ya gari lao pamoja na makoleo hadi Muyinga. Njia nzima niliimba besi kimoyomoyo, nikijaribu kusikiliza kilichokuwa juu yake. Kama mtu anayetazama msingi na kutaka kukisia nyumba.

Kanisani Muyinga mlinzi aliniuliza namtafuta nani. Nikasema mtu yeyote aliyeimba kambini Ngara. Akafikiri, akanielekeza kwa mama mmoja nje kidogo ya mji, anayeimba alto na mwenye sauti, alisema, inayosikika kabla yeye hajaonekana.

Nilimkuta akivuna maharagwe, matope mpaka magotini. Hakunitambua. Mimi nilimtambua kwa mwanya wa meno yake. Nikaimba mstari mmoja wa besi pale mwisho wa shamba, na yeye, bila hata kuniamkia, akaunganisha alto. Tuliimba ubeti mzima tukitazamana, maharagwe yake mkononi. Jirani yake shamba la pili alisimama akaegemea jembe.

"Wewe ni yule mtoto wa besi uliyekuwa unaziba sikio mpaka kidole kinatokea upande wa pili," akasema tulipomaliza.

"Ndiyo, mama. Soprano inakwendaje?"

Akakunja uso. Akaanza, akaishia kwenye alto. Akaanza tena.

"Soprano walikuwa mbele yetu," akasema. "Sisi tulitazama migongo yao tu. Wapo wawili ninaowajua. Mmoja amerudi Tanzania. Mwingine ameolewa Kirundo, ameingia kanisa jingine, nyimbo zetu hataki kuzisikia."

Kwa hiyo wimbo ulikuwa na besi na alto; teno kiongozi wetu angeweza kuijaza katikati, ila soprano ndiyo wimbo wenyewe. Tulijaribu mara nyingine, tukasikiliza pengo lililokuwa juu yetu. Lilikuwa pengo wazi kabisa, unaweza kuonyesha kwa kidole mahali pa kuanza na pa kuishia, lakini hatukuweza kulijaza.

"Utalala wapi?" akaniuliza.

"Sijui."

"Kwangu pamejaa, binti yangu amejifungua. Nenda mtaa wa Waislamu, nyuma ya msikiti, uliza nyumba ya mama anayeuza vitenge. Anapangisha wageni vyumba. Naye alikuwa kambini, nyumba yao ilikuwa pua kwa pua na kibanda cha kwaya. Mwambie nimekutuma mimi."

Nilifika kabla ya magharibi. Mvua ilikuwa imekata. Mama wa vitenge alikuwa amekaa barazani juu ya mkeka, anachagua mchele kwenye ungo. Ni mtu wa umri wangu, labda ananizidi kidogo. Mumewe, fundi wa viatu, alikuwa pembeni na kiatu kimoja mapajani.

"Chumba kipo," akasema nilipomweleza. "Cha uani. Kina kitanda na neti, choo ni cha pamoja. Unavuta sigara?"

"Hapana."

"Umekuja biashara?"

"Nimekuja kutafuta wimbo."

Mume akainua macho kwenye kiatu. "Wa benki wamekuja, wa mbolea wamekuja," akasema. "Wa wimbo hatujawahi kumpata."

Nikawaeleza kwa kifupi, na ili waelewe nikaimba mistari miwili ya besi, kwa sauti ndogo, maana ilikuwa nyumba ya watu. Mama akaacha mchele.

"Hao," akamwambia mumewe. "Hao ndio niliokuwa nakuhadithia." Kisha akanigeukia. "Mlitutesa ninyi. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na turubai la wakimbizi, na kibanda chenu vilevile. Kila mwaka, kuanzia mvua za Novemba, jioni mpaka jioni, wimbo huo. Marehemu mama alikuwa akisema wakristo wana Ramadhani yao, ila yao ni ya masikio yetu."

"Unaukumbuka?"

"Nitausahauje?"

Akarudisha vidole kwenye mchele, akaanza kuuvumisha puani, midomo imefungwa. Nilikaa chini palepale, kwenye ngazi. Ilikuwa soprano. Ilianzia juu kuliko nilivyodhani, ikashuka taratibu kama mtu anayeteremka mlima amebeba maji. Besi yangu ikakaa chini yake bila mimi kuiita, na kwa mara ya kwanza nikasikia ile *mimi nalinda* yangu ilikuwa inamjibu nani.

Alipofika mstari wa tatu alinyamaza, akagonga ukingo wa ungo mara mbili kwa kifundo cha kidole, akaurudia mstari. Akanyamaza, akagonga, akaurudia tena.

"Mbona unarudia?" nikamuuliza.

"Ndivyo ulivyo."

"Haurudiwi hapo, dada."

"Ndugu yangu, nimeusikia miaka tisa. Hapo mnasimama, anagonga, mnarudia. Mara tatu, mara nne. Siku nyingine mpaka tumeshakula."

Ndipo nikamwona mwalimu wetu na kijiti chake juu ya meza, na akina mama wa mbele wakikosea palepale kila siku, na sisi wa nyuma tumeziba masikio tukisubiri. Nilicheka mpaka mume naye akacheka bila kujua kwa nini.

"Tulikuwa tunakosea," nikasema.

"Najua mlikuwa mnakosea. Tulikuwa tunajua kabla yenu. Mama akisikia mmefika mstari wa pili anasema, haya, sasa wanaanguka." Akapeta mchele kidogo, akapuliza makapi. "Ila usiku wa Noeli mlipita. Kila mwaka, usiku mmoja tu. Tulikuwa tumekaa macho kuwangojea. Mkifika pale nyumba nzima kimya, halafu mnapita. Mama anasema, wamevuka, tulaleni."

Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kulikuwa na watu wanatungojea tuvuke.

"Unaweza kuuimba kama usiku ule?" nikamuuliza. "Bila kugonga?"

"Maneno siimbi, hayo ni yenu. Sauti nitakupa." Akatazama jua. "Lakini si sasa, sasa ni magharibi. Na hutaushika kwa siku moja, nakuona kichwa chako ni cha besi. Kila asubuhi nachagua mchele hapa. Kaa mpaka Alhamisi."

Nilipiga hesabu: Alhamisi, kisha Ijumaa nzima ya kutafuta gari lenye mafuta, Jumamosi jioni Yoba. Ingewezekana.

"Nitakaa," nikasema.

Mume akaweka kiatu chini, akaenda kuleta ufunguo. Chumba kilikuwa kidogo na kikavu, ukuta mmoja ukiwa ule wa baraza. Nilitundika shati langu lililolowa kwenye msumari na kukaa kitandani. Adhana ilianza, ikaisha. Ndani ya nyumba watu walisali. Baadaye nikasikia vyombo, na maji yakimiminwa, na mama akizungumza na mumewe kuhusu chumvi. Halafu, katikati ya kazi zake, akiwa labda hata hajui, akauanza tena puani. Mstari wa kwanza. Wa pili.

Nilitoa kidole kwenye sikio. Sikuwa nimejua kwamba nilikuwa nimekiweka.