Makosa Niliyoahidi Kuyafuta

Kutengeneza programu nilijifunza peke yangu, kwa video za mtandaoni, nikikaa barazani kijijini kwetu Wawi kwa sababu ndani simu haikamati mtandao. Sina cheti. Nalitanguliza hili kwa kuwa mtu asiye na cheti hukagua kazi yake mara kumi, na tabia hiyo ndiyo iliyoniponza.

Skuli ya jirani ilipewa vishikwambi, vikakaa kabatini hadi vikashika vumbi. Nikajitolea. Masomo ya hesabu ya kidato cha pili niliyaweka kwenye kompyuta moja kuukuu, na wanafunzi wakayafungua kwenye vishikwambi humo humo darasani, bila intaneti. Aliyenitetea kwa mwalimu mkuu ni maalim wa hesabu. Aliniita mwanangu. Nikikosa usingizi kwa ajili ya rangi ya kitufe, yeye ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, kitufe hakiendi peponi. Kiache."

Wiki ya kwanza wanafunzi hawakugusa kitu. Kila mmoja alitazama nyuma kwanza, asionekane akikosea. Nikawakumbusha ubao wa mti tulioandikia herufi chuoni, tulipojifunza Kurani: ukikosea unauosha, maji yanaondoka na kosa lako.

"Na hapa ni hivyo hivyo," nikasema. "Koseni mtakavyo. Hakuna anayeona."

"Hata maalim?" aliuliza msichana mmoja kutoka kijiji cha mbali cha Kiuyu, aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake hapa Wawi ili asome.

"Hata maalim."

Yule msichana akaanza kukosea kwa raha ambayo sijapata kuiona. Hesabu za sehemu zilimtesa. Alijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, akakosa, akacheka, akarudia. Baada ya mwezi alikuwa akizijumlisha bila kusita, na mwenziwe akikwama, ndiye aliyemwelekeza.

Nilijuaje? Hapa ndipo penye aibu yangu. Ahadi ilikuwa ya kweli kwenye skrini tu. Nyuma yake nilihifadhi kila jaribio, kwa jina la mtu na saa. Nilijiambia nahitaji kujua ni swali gani nimelitunga vibaya. Kwa hilo majina hayakuhitajika. Niliyaweka kwa sababu orodha isiyo na majina niliiona pungufu, na mimi kitu pungufu sikivumilii.

Kisha nikaingiwa na hofu nyingine: nikifa, nani ataendesha mambo? Nikamwandikia maalim nywila yangu kwenye karatasi.

"Weye ufe una nini?" akacheka, akaitia mfukoni.

Kilichofuata sikuambiwa, nilikikuta. Asubuhi ya kikao cha wazazi, orodha yangu ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, imepangwa kuanzia mwenye makosa mengi. Wa kwanza kabisa alikuwa yule msichana. Sehemu: makosa sitini na moja. Majibu sahihi aliyokuja kuyapata hayakuandikwa popote. Shangazi yake alisimama mbele ya karatasi, akaisoma kwa kidole, akaisoma tena.

Wavulana hawakuchelewa. "Sitini na moja kapita!" "Yakhe, mpisheni, asije akaongeza la sitini na mbili!"

Nilimkuta maalim ofisini.

"Niliwaahidi, maalim. Na wewe ulikuwepo nikiwaahidi."

"Wazazi wanataka kuona kazi, mwanangu. Ningewaonesha nini? Rangi za vitufe?"

"Ungeniuliza."

"Ungekataa." Alinitazama bila hasira, na hilo liliniuma zaidi. "Mie nimebandika tu. Alokaa akawaandika mmoja mmoja si mie."

Nilimchukia siku nyingi, na bado sijamaliza, lakini neno lile halikuwa uongo.

Nilifuta kila kitu siku ile ile. Nikaibomoa sehemu ya programu iliyohifadhi majaribio, nikawaita wanafunzi, nikawaomba radhi. Walinisikiliza kwa adabu. Yule msichana alingoja wenzake watoke.

"Ulisema hakuna anayeona."

"Nilisema."

"Kumbe weye ulikuwa waona."

"Ndiyo."

"Siku zote?"

"Siku zote. Nisamehe."

"Haya," akasema, akachukua mkoba wake.

Nilidhani hatarudi. Alirudi. Wote walirudi, kwani kipindi kimo kwenye ratiba. Lakini sasa kila skrini ninayopita ni kijani tupu, sahihi juu ya sahihi. Maalim ananipongeza mbele za watu: "Mnaona? Tangu siku ile wametia akili." Darasa lisilo na kosa hata moja ndilo nililokuwa nikiliota barazani.

Juzi nilipita nyuma ya yule msichana. Mapajani alikuwa na daftari la mwenziwe, limeandikwa majibu yote. Alinakili moja, akabonyeza, akapata kijani, akashuka kwenye linalofuata. Hakucheka hata mara moja. Aliponihisi nyuma yake, alivuta ncha ya mtandio wake akalifunika daftari, akaweka mikono juu ya meza, akangoja niondoke.

Nikaondoka.