Na Jaketi, Halijambo?

Enzi zetu huku Kasulu, mtoto mwenye jaketi la jinzi hakuhitaji kujieleza. Alitembea katikati ya njia na mbuzi wakampisha. Juni na Julai baridi ya milimani ilitukuta pekupeku, na wengi wetu tulikwenda shule tumejifunga khanga za mama zetu shingoni, mikono tumeificha kwapani. Mwalimu wetu wa darasa la nne, mtu wa Tanga aliyeletwa na uhamisho, alivaa masweta mawili na bado chaki ilimtetemeka mkononi. Basi usishangae nikikwambia kwamba siku mjomba alipofika kwetu Kitanga na jaketi la jinzi alilolipata mnadani, kwenye mitumba, nililala nalo.

Kasoro ilikuwa moja. Mjomba alilinunua kwa kukumbuka kimo changu cha mara ya mwisho aliponiona, na tangu hapo maharage na ugali wa muhogo vilikuwa vimefanya kazi yake. Mikono ya jaketi iliishia mbali na viganja vyangu. Vifungo vya shaba vilifungika kwa kubana pumzi, na kulivua kulitaka watu wawili, mmoja anishike, mwingine avute. Nikaapa kwamba linanitosha. Mama alinitazama akasema, "Mwanangu, wewe hujavaa nguo. Nguo ndiyo imekuvaa." Halafu akalifua kwa sabuni ya mche, likakaa kwenye kamba siku mbili, likarudi gumu hata tukaliegemeza ukutani lisianguke.

Wenzangu mliokulia huku mnajua kwamba salamu zetu Waha si za kupita njia. Mtoto anainama, anapiga makofi polepole, mkubwa anamshika mikono, na hapo maswali yanaanza. Mama hajambo? Bibi hajambo? Mbuzi hawajambo? Maharage shambani hayajambo? Jibu ni kwamba wote wazima, hata kama mbuzi amekufa alfajiri ileile. Habari mbaya zina zamu yake baadaye, watu wakishakaa. Yule mwalimu wa Tanga alichelewa kazini wiki yake yote ya kwanza kwa sababu ya wazee aliokutana nao njiani.

Sasa hebu inama ukiwa ndani ya jaketi lile. Katekista wetu nilimsalimia nimesimama wima kama mwiko kwenye ugali, na makofi yangu yalikuwa ya ncha za vidole tu, maana mikono ilikataa kukutana mbele. Habari zikafika nyumbani kabla yangu. Mama hakupandisha sauti. "Nikikuona tena unamsalimia mtu mzima umesimama hivyo, jaketi linakwenda kwa binamu yako Makere. Yeye mdogo, litamtosha." Mama yangu hakuwa mtu wa kurudia neno, na mimi usiku ule sikupata usingizi mzuri.

Jumamosi yake tulikuwa tunangoja wajumbe wa posa ya dada yangu Editha, kutoka Kibondo. Tuliwatarajia jioni, kwa kuwa enzi zile magari ya Kibondo yalifika jioni, tena yakijisikia. Kumbe wamepata lori la mahindi lenye dereva mwenye haraka zake. Saa tatu asubuhi wako uani, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mimi ndio kwanza natoka kisimani na ndoo kichwani, nimevaa jaketi, maana hata kisimani nililivaa ili watu waone. Wa kunivua hakuwepo. Dada Editha alikuwa nyuma ya mlango wa jiko, mikono kichwani, kwani kwetu nyumba ilianza kupimwa kwa salamu za watoto wake, na mtoto wa kwanza waliyekutana naye ni mimi. Mama alisimama mlangoni akinitazama. Hakutamka Makere, lakini niliisikia.

Nikatua ndoo, nikainama.

"Mwakeye," akaanza Mzee Kabura, baba yake bwana harusi, kwa salamu yetu ya asubuhi, akinishika mikono.

"Mwakeye," nikaitikia.

Mama hajambo? Hajambo. Bibi hajambo? Hajambo. Kila jibu nilishuka kidogo. Tulipofika kwenye mbuzi nilisikia uzi wa kwanza ukiachia. Kwenye maharage mgongo wote ukafunguka, kutoka kwenye kola mpaka kiunoni, kwa mlio uliowatawanya kuku. Upepo wa asubuhi ukaniingia mgongoni. Machozi yalinitoka, lakini sikuinuka.

Mzee Kabura hakuniachia mikono. Kwa sauti ileile ya mbuzi na maharage akauliza, "Na jaketi, halijambo?"

Salamu ni salamu. "Halijambo," nikajibu.

Ua mzima ulicheka. Mzee Kabura mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini na suruali yake ya posa. Alipopata pumzi akamwambia mama, "Mama, hata tusizunguke. Nyumba hii inasalimia." Mambo yakaisha kabla ndizi hazijaiva jikoni. Jioni mama akachukua kipande cha kitenge chenye picha za kuku, akaziba mgongo wa jaketi, na kwa kuwa kiraka kilikuwa kipana, jaketi likaanza kunitosha. Binamu wa Makere hakuliona kamwe.

Tangu siku hiyo, kila nilipokutana na Mzee Kabura pale Kibondo aliniuliza mama, mke, watoto, halafu jaketi. Nami nilijibu halijambo, mtu mzima mwenye kitambi, ilhali jaketi lilishaishia kuwa tambara la kufutia baiskeli. Tulimzika mwaka juzi. Nililia kuliko nilivyotegemea, maana hakubaki mtu wa kuniuliza tena.

Siku hizi barabara ni lami, unatoka Kibondo na chai tumboni bado ya moto ukiingia Kasulu. Majaketi ya jinzi yamejaa kila kijiwe cha bodaboda. Mwanangu Elia analo lake, alilinunua likiwa limekwisha chanika viwiko na mgongo, na anasema zima lingekuwa la kishamba. Langu lilichanwa na salamu. La kwake limekuja limechanika na bado halijamsalimia mtu. Shikamoo yake naipata akiwa ameshanipita, macho kwenye simu.

Juzi asubuhi alitoka kwa bibi yake, nikamwita barazani.

"Bibi hajambo?"

"Hajambo."

"Na jaketi, halijambo?"

Akatazama mkono mmoja, akatazama wa pili, akajipapasa mgongoni akitafuta kilichoharibika. "Baba, jaketi linaumwaje?" akasema, akashika njia ya stendi.

Nilibaki na kikombe changu cha chai. Na kwa kuwa kwetu salamu haiachwi bila jibu, nikaitikia mwenyewe, polepole, halijambo.